Kwa kinga kutoka Kisangani: barabara nzuri na barabara salama si kitu kimoja

Kisangani ni muji wa kinga. Kabla pikipiki hazijajaa Makiso na Mangobo, ni toleka iliyokuwa inapeleka mgonjwa hospitali, mwanafunzi shuleni na mama sokoni. Toleka imepungua, lakini haijakufa. Mama mwenye mafungu ya pondu, muuzaji wa makala, mwalimu wa kijiji cha pembeni, wote bado wako juu ya magurudumu mawili. Kuna pia vijana wanaopanda kinga siku ya Jumapili kwa kufanya mazoezi na kuona nchi yao.

Wote hao wana ulizo moja: tupitie njia gani? Wengi wanajibu kwa kuangalia udongo tu. Wanasema huku kuna lami, kule kuna mashimo, basi twende huku. Hilo ni jibu la nusu. Katika jimbo letu la Tshopo, njia inakuwa salama kwa sababu ya wale wanaoipita na wale wanaoishi kandokando yake. Udongo unakuja nyuma.

Funzo la wakumba-kumba

Tukumbuke kidogo. Vita ya mwaka 1998 ilikata njia ya mto kuelekea Kinshasa, na barabara ya kitaifa namba 4 ilikuwa imekwisha kuharibika, kamyo hazipiti tena. Hapo ndipo wakumba-kumba walipochukua kazi. Walisukuma kinga zenye kujaa bidhaa kati ya Kisangani na upande wa Beni na Butembo, mwendo wa kilometa kama 700, majuma kwa majuma. Walienda kwa makundi, wakalala vijijini, wakauliza habari kabla ya kuendelea. Njia ilikuwa mbaya kabisa, na kilichowasaidia kufika ni watu waliokuwa juu yake.

Baadaye barabara hiyo ilitengenezwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kamyo zikarudi. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka turudi kwenye matope ya zamani. Lakini tuseme ukweli: barabara ilipofunguliwa kwa kamyo na pikipiki, mwenye kinga alisukumwa kando. Kamyo inapita mbio, vumbi jekundu linafunika kila kitu, dereva wa nyuma haoni mbele. Pale pembeni hakuna nafasi ya kukimbilia, ni mtaro tu. Ndiyo maana tunasema barabara nzuri kwa kamyo inaweza kuwa mbaya kwa kinga.

Njia zetu, moja kwa moja

Tuanze karibu. Kwa mwenye kuanza, njia ya kandokando ya mto mpaka kwenye maporomoko ya Wagenia inatosha. Ni fupi, ni tambarare, na unaona wavuvi na mitego yao mikubwa ya miti katikati ya maji yenye kukimbia. Hayo ni maporomoko ya mwisho kati ya saba ya Boyoma, yanayoanza upande wa Ubundu. Hatari ya hapo ni wingi wa pikipiki. Ukitoka asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa mbili, unapumua vizuri.

Ya pili ni upande wa Buta. Unavuka daraja la Tshopo, kisha unaacha barabara kubwa na kushika njia ya zamani ya Buta mpaka pori la akiba la Masako, kilometa kama 14 kutoka mujini. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanalijua vizuri, maana wanafanyia utafiti pale. Kwa sababu kamyo zinashika barabara mpya, hii ya zamani imebaki na utulivu. Kwa mwendo wa kawaida ni saa moja na kitu kwenda, na vilevile kurudi. Kwa maoni yetu, kwa mtu anayetaka pori, kivuli na kurudi nyumbani kabla ya jua kali, hakuna njia inayoishinda hii.

Ya tatu ni Yangambi, kilometa kama 100 kwa kufuata ukingo wa kuume wa mto. Pale kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933 kwa jina la INEAC, na pori ambalo UNESCO inalitambua tangu miaka ya 1970. Njia ni nzuri kwa macho, lakini si ya siku moja. Kuna mto Lindi wa kuvuka, na kungojea kwenye maji kunaweza kula asubuhi yako yote. Huku kwetu, karibu na ikweta, giza linaingia mbele ya saa moja ya jioni, mwaka mzima. Mwenye kuondoka Kisangani saa tatu atashikwa na usiku porini. Panga siku mbili au tatu, na ujue mapema utalala kwa nani.

Ya ine ni barabara ya Lubutu, namba 3. Mpaka Wanie-Rukula, kilometa kama 60, inapendeza, na vijiji viko karibu-karibu. Lakini kamyo ni nyingi. Na mbali zaidi, kupita Lubutu, barabara hiyo inaelekea Walikale. Mwezi wa tatu mwaka 2025 M23 waliingia Walikale-centre, kisha wakatoka mwanzo wa mwezi wa ine. Muji wetu wote ulikuwa unasikiliza habari za barabara hiyo. Mahali ambapo vita inaweza kushuka kwa njia hiyohiyo unayopanda, si mahali pa matembezi.

Ya tano ni barabara ya Ituri. Kilometa za kwanza, wakulima wanazipita kila siku na mihogo yao. Lakini kupita Bafwasende na Nia-Nia kuelekea Mambasa ni neno lingine. Huko ndiko kuna Epulu na hifadhi ya okapi, urithi wa dunia tangu 1996. Ni pazuri kupita kiasi. Ni pale pia Mai-Mai waliposhambulia mwezi wa sita mwaka 2012, wakaua watu na okapi 14. Tangu wakati ule, wapiganaji wa ADF nao wamechoma nyumba na magari katika eneo la Mambasa. Uzuri wa pori haumlindi mpita njia.

Ng'ambo ya Lubunga

Njia yenye kutufundisha zaidi iko ukingo wa kushoto. Ukivuka mto mpaka komini ya Lubunga, unapata barabara ya Ubundu, inayokwenda sambamba na reli ya zamani ya kilometa 125, iliyojengwa kwa kuzunguka maporomoko. Kuna pori la Yoko, na mbele unakata ikweta. Kwa mandhari, ingeweza kuwa njia ya kwanza ya jimbo.

Lakini mwezi wa pili mwaka 2023, ugomvi wa ardhi iliyopewa kampuni moja ya kilimo uligeuka kuwa mauaji kati ya Wambole na Walengola. Mamia ya watu waliuawa, vijiji vikachomwa, maelfu wakavuka mto kukimbilia Kisangani. Barabara haikubadilika hata kidogo. Udongo ulibaki uleule, miti ileile. Ni majirani waliobadilika. Mkulima aliyekuwa anapita na kinga yake kila juma akaanza kuulizwa kabila lake. Kwa hiyo, mpaka leo, mwenye kutaka kwenda upande huo aulize kwanza hali ya juma hilo, asifuate habari za mwaka jana.

Maulizo ya kujiuliza kabla ya kutoka

La kwanza: nani anapita njia hii pamoja na mimi, na saa ngapi? Ukiona wamama wanaipita na mizigo yao asubuhi, ni alama nzuri. Ukiona wameiacha, nawe iache.

La pili: mvua itafanya nini? Kwetu hakuna mwezi mkavu kabisa, lakini mwezi wa kwanza na wa pili mvua inapungua. Mwezi wa kumi inamwagika. Udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na breki za kinga hazishiki.

La tatu: nikipata shida, nitarudi vipi? Usiende peke yako. Chukua pampu, kiraka na maji. Uache nyumbani jina la njia na saa ya kurudi. Kwenye bariyeri shuka, salimia, onyesha karata yako. Kabla ya kupiga foto, omba ruhusa kwa chefu wa kijiji, na usipige kabisa madaraja wala askari. Kuuliza si ujinga.

Upande wa wakubwa pia kuna deni. Kamyo zinalipa kwenye péage za FONER kwa ajili ya matengenezo ya barabara. Katika matengenezo hayo, mwenye kinga afikiriwe: pembeni pana na pagumu pa kupitia, mbao za madaraja zisizoacha nafasi ya kumeza gurudumu, vibao vya kupunguza mwendo penye shule na masoko. Hayo si mambo ya starehe. Njia ambayo kijana wa Makiso anaifurahia Jumapili ndiyo njia ambayo mama wa kilometa 14 anapitisha pondu yake Jumatatu. Akiangushwa na kamyo, au akiogopa kupita, sahani zetu mujini ndizo zinabaki tupu.