Kiapo cha Bw. Ellison: Tutazame kazi, si picha

Waislamu wengi wa Pwani wakitajiwa jina la Bw. Keith Ellison wa Marekani hukumbuka jambo moja tu, kwamba ndiye aliyeapa kwa Kurani. Ni kweli, na picha yake ya Januari 4, 2007 ilienea duniani kote. Lakini kumkumbuka kwa picha ile peke yake ni kumpunja, na ni kujipunja sisi wenyewe pia. Sehemu ya maisha yake iliyo na funzo kubwa kwetu ilikuja miaka mingi baadaye, katika cheo ambacho wengi walikiona kidogo.

Bw. Ellison alizaliwa mjini Detroit mwaka 1963 katika nyumba ya Wakatoliki. Alisilimu akiwa na umri wa miaka 19, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini humo. Kisha akahamia jimbo la Minnesota, huko kaskazini mpakani mwa Kanada, akasomea sheria na kuhitimu mwaka 1990. Kwa muda aliongoza shirika la mjini Minneapolis lililowatetea kortini washtakiwa wasiokuwa na fedha za kumlipa wakili. Mwaka 2002 alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo, na mwaka 2006 akashinda kiti katika Bunge la Marekani, akawa Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa humo.

KELELE ZA KIAPO

Aliposema kwamba atatumia Kurani siku ya kuapishwa, zilizuka kelele. Mbunge mmoja wa Virginia, Bw. Virgil Goode, aliwaandikia wapiga kura wake akiwaonya kwamba sheria za uhamiaji zisipokazwa, Waislamu wengine watachaguliwa. Alisahau kwamba Bw. Ellison hakuwa mhamiaji, bali ni Mmarekani mweusi mzaliwa wa papo hapo.

Bw. Ellison hakujibu kwa matusi. Aliazima kutoka maktaba ya Bunge nakala ya Kurani iliyokuwa mali ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, aliyeinunua mwaka 1765 alipokuwa kijana akisomea sheria. Na Jefferson alikuwa mtu wa Virginia, kwao Bw. Goode!

Lilikuwa jibu la busara. Hata hivyo, yafaa tujue mambo mawili. Kwanza, wabunge wa Marekani huapishwa wote kwa pamoja kwa kuinua mkono, wala hawahitaji kushika kitabu chochote. Kitabu hutolewa baadaye, kwa ajili ya wapiga picha. Pili, Kurani ile ilikuwa tafsiri ya Kiingereza ya George Sale, Mkristo aliyeitoa mwaka 1734 akitumaini kwamba wenzake wataweza kuupinga Uislamu vizuri zaidi. Jambo hili si geni kwetu Waswahili. Sisi nasi tulitafsiriwa Kurani na padri, Godfrey Dale wa Unguja, mwaka 1923, hata masheikh wetu wakaona hawana budi kuifanya kazi hiyo wenyewe. Ile ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ilitoka kamili mwaka 1969.

Kwa hivyo kitabu kile cha Jefferson kilikuwa ishara njema, lakini kilikuwa ishara tu. Ukweli wa kiapo hauonekani siku ya kula kiapo.

AKARUDI JIMBONI

Bw. Ellison alikaa Washington miaka 12. Hakukaa bure. Mwaka 2014, kwa mfano, mswada wake wa kuwapunguzia vikwazo mawakala wanaopeleka fedha ng'ambo ulipitishwa ukawa sheria. Jambo hilo lina maana kubwa kwa Wasomali wengi wa Minneapolis ambao huwatumia jamaa zao fedha kwa hawala, zikiwemo zinazofika hapa Kenya.

Lakini mwaka 2018 aliwashangaza watu. Aliacha kiti hicho cha heshima akaomba kuwa Mkuu wa Sheria wa jimbo la Minnesota. Kiti alichokiacha kilinyakuliwa na Bi. Ilhan Omar, yule msichana wa Kisomali ambaye utotoni aliishi katika kambi ya wakimbizi ya Utange, hapa hapa Mombasa.

Kwetu Kenya Mkuu wa Sheria huteuliwa na Rais. Kule Minnesota huchaguliwa na wananchi kwa kura. Bw. Ellison alishinda, akawa Mwislamu wa kwanza nchini humo kuchaguliwa kwa kura za jimbo zima. Wapo waliosema kwamba ameshuka ngazi. Mtu anatoka katika Bunge la taifa zima, anarudi kushughulikia kesi za jimbo?

Hatusemi kwamba yeye ni malaika. Mwaka huo huo wa uchaguzi, mwanamke aliyewahi kuwa na uhusiano naye alimtuhumu kwamba alimfanyia ukatili. Bw. Ellison alikana, na wakili aliyeajiriwa na chama chake kuchunguza alisema tuhuma hiyo haikuthibitika. Tena mwaka 2012 alipinga pendekezo la kuandika katika katiba ya Minnesota kwamba ndoa ni ya mume na mke tu, msimamo ambao masheikh wetu hawawezi kuukubali. Mtu ana haki ya kumpinga kwa hayo. Lakini kila mtu apimwe pia kwa kazi aliyokabidhiwa.

MTIHANI WENYEWE

Mtihani ulikuja Mei 25, 2020. Polisi Derek Chauvin alimkandamiza shingo kwa goti George Floyd, mtu mweusi, kwa muda wa zaidi ya dakika tisa, katika barabara ya Minneapolis, mpaka akafa. Marekani ikawaka moto.

Hapo ndipo ilipoonekana thamani ya cheo kile kidogo. Kwa kawaida kesi ya mauaji nchini Marekani huwa chini ya sheria za jimbo, wala mbunge wa Washington hana mamlaka ya kumshtaki muuaji. Mei 31 gavana alimkabidhi Bw. Ellison kesi hiyo. Siku chache baadaye aliongeza shtaka zito zaidi juu ya Chauvin, na akawashtaki polisi watatu waliokuwa naye.

Alikusanya mawakili hodari, wengine wakafanya kazi bila malipo. Aprili 20, 2021 jopo la raia 12 lilimwona Chauvin na hatia katika mashtaka yote matatu. Akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu. Ni nadra sana Marekani polisi kupatikana na hatia ya kumuua raia akiwa kazini. Bw. Ellison aliilipia kazi hiyo kisiasa, kwani mwaka 2022 alirudi katika cheo chake kwa tofauti iliyo chini ya asilimia moja ya kura.

NA SISI JE?

Hapa Pwani kiongozi Mwislamu kuapa kwa Msahafu ni jambo la kawaida, wala hakuna anayepiga kelele. Siku hiyo sisi hupiga vigelegele, tukasoma dua, tukala pilau. Kisha twarudi nyumbani, na hatuulizi tena mpaka miaka mitano ipite.

Lakini Pwani hii ina akina mama ambao wana wao walichukuliwa na watu wasiojulikana na hawajaonekana tena mpaka leo. Mama hao wamekwenda vituo vya polisi, wamekwenda makortini, wamekwenda misikitini. Ni wangapi kati ya viongozi walioshika Msahafu mbele yetu waliosimama nao mpaka mwisho wa kesi?

Dini yetu yafundisha kwamba uongozi ni amana, na kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe. Mwenyewe ni yule mama. Basi tumwulize kiongozi wetu, awe mwakilishi wa wadi, gavana au mbunge, tangu siku ile aliposhika Msahafu ameifikisha wapi kesi ya mama huyu. Na tumwulize mapema, tusingoje kura.