Mashine ya maji ya moto ikikataa, sikiliza kwanza



Juma hili nawaletea shida ya mama mmoja wa kikundi chetu, hapa Bukavu. Mashine yake ya gazi ya kupasha maji iko bafuni, na maji hayapati moto. Fundi alikwisha kumwomba pesa. Mama, kabla hujatoa pesa, fungua robine ya maji ya moto, kisha sikiliza.

Ni kimya, hata tik-tik haisikiki? Mashine nyingi za namna hii huwashwa na cheche ya mawe mawili makubwa ya tochi, yanayokaa katika kisanduku cha chini. Yakichoka, hakuna cheche. Badilisha yote mawili pamoja. Kama bado ni kimya, tazama maji, kwa maana mashine haiwaki mpaka maji yapite kwa nguvu. Maji yakirudi baada ya kukatika huja na mchanga, nao huziba kichujio kidogo pale maji baridi yanapoingilia. Funga gazi na maji, toa kichujio, kisugue kwa mswaki wa zamani, ukirudishe.

Unasikia tik-tik lakini moto hauwaki? Gazi haifiki. Angalia kama chupa imefunguliwa na mpira haukukunjika. Uzito wa chupa tupu umeandikwa juu yake. Ipime kwenye mizani ya muuza maharagwe, utajua kama imeisha. Lakini ukisikia harufu ya gazi, usiwashe kiberiti wala taa. Funga chupa, fungua milango, toa watoto nje. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa, hulala chini sakafuni.

Moto unawaka, kisha unazimika wenyewe? Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya mama yetu. Mawe yalikuwa mapya, na chupa ilijaa. Nilipoingia bafuni niliona dirisha limezibwa kwa nguo, kwa sababu asubuhi za kiangazi ni baridi na mtoto wake alikuwa anakohoa. Mashine ilikosa hewa, na kifaa chake cha ulinzi kikawa kinaizima. Fundi alitaka kukiondoa kifaa hicho ili mashine isisumbue tena!

Wamama, kifaa hicho kilikuwa kinamlinda mtoto. Moto wa gazi ukikosa hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huanguka akiwa anaoga. Moto ukiwa wa manjano badala ya bluu, au masizi yakionekana, zima mashine. Mtu akijisikia vibaya, mtoe nje penye hewa mara moja na mumpeleke kituo cha afya.

Tuliondoa nguo dirishani, na moto haukuzimika tena. Hata hivyo tulikubaliana mashine ihamishwe nje, ukutani chini ya barza. Sasa maji hupashwa huko, na mtoto huogeshwa katika beseni chumbani, pasipo baridi.

Basi leo, kabla ya kuoga, kila mama aangalie dirisha la bafu lake. Na fundi akisema ataondoa kifaa cha ulinzi, mwambie asante, kisha mtafute mwingine.

Tuonane juma lijalo.