Mashabiki na wapime vitenzi kabla ya kutunishiana misuli

Wapenzi wa kandanda nchini hawahitaji kuelezwa yanayotokea kila zinapokaribia kukutana Gor Mahia na AFC Leopards. Wiki nzima kabla ya mchuano, na nyingine baada yake, ubishi hutawala katika matatu, kwa vinyozi, vibandani mwa chai, na siku hizi hata katika simu za mkononi, ambako watu wasiojuana sura hutukanana usiku kucha. Mimi sina ugomvi na ubishi. Anayekula kwa kufundisha isimu hawezi kuwachukia watu kwa kuzungumza. Ninalolalamikia ni kwamba ubishi wetu huanza na hoja ukaishia kwenye ukoo wa mtu, na safari hiyo husikika waziwazi katika vitenzi na viwakilishi tunavyovitumia.

Tuchukue kauli ambayo kila msomaji ameisikia: Gor ni bora kuliko Leopards. Neno "bora" halina maana kamili mpaka litajiwe kipimo. Mpenzi wa Gor atakumbusha mwaka wa 1987, timu yake ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika baada ya kutoka sare ya 2-2 na Esperance mjini Tunis, na 1-1 jijini Nairobi, ikatawazwa kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara. Mpenzi wa Leopards naye atajibu kwamba timu yake ilinyakua ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tano: 1979, ilipokuwa ikiitwa Abaluhya, kisha 1982, 1983, 1984 na 1997, ilhali Gor iliunyakua mara tatu. Wote wawili wanasema kweli. Hata hivyo, kwa kuwa kila mmoja amekificha kipimo chake mfukoni, kila mmoja humwona mwenziwe kuwa mwongo.

Kosa la pili, nami naliona kubwa zaidi, ni la viambishi vya wakati. Lugha yetu ni tajiri katika jambo hili kuliko tunavyoithamini. Anayesema "Leopards ilifungwa" anadaiwa tarehe moja na matokeo ya mechi moja, basi. Lakini anayesema "Leopards hufungwa" amejitwika mzigo mwingine kabisa, kwani kiambishi hu- hudai mazoea, na mazoea hayathibitishwi kwa Jumapili moja. Anatakiwa alete rekodi ya miaka mingi, ikiwamo ile mechi ambayo angependa tuisahau. Mbaya kuliko wote ni yule anayerukia wakati ujao na kusema timu fulani "haitainuka tena". Gor ilitwaa ligi mwaka wa 1995, kisha ikakaa hadi 2013 ndipo ikaitwaa tena. Aliyeizika katika miaka hiyo kumi na minane hakuwa na ushahidi ila kiu yake mwenyewe, na mwaka wa 2015 timu ile ile ilimaliza msimu mzima wa ligi bila kushindwa hata mara moja. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaoizika Leopards kwa sababu ya ukame uliofuata ubingwa wake wa 1998. Ukame ni habari ya jana, wala hautoshi kuwa utabiri.

Kuna na swali ambalo wazee hupenda kuwanyamazishia vijana: "Wewe 1987 ulikuwa wapi?" Hilo lina sura ya hoja, lakini si hoja. Kombe halikuongezeka uzito kwa kuwa mzee alikuwapo Kasarani, wala halikupungua kwa kuwa kijana hakuwa amezaliwa.

Hapo ndipo ubishi hugeuka kutoka timu kwenda kwa msemaji, na msikilizaji makini atausikia mgeuko huo. Aliyekuwa "mtu" huwa "kijitu", na wenziwe wakawa "majitu". Ameng'olewa katika ngeli ya binadamu. "Nyinyi", iliyokuwa na maana ya mashabiki wenye jezi, huwa na maana ya kabila zima. Historia ya vilabu hivi ilirahisisha hatari hiyo. Abaluhya iliundwa 1964, na Gor Mahia, yenye jina la shujaa wa masimulizi ya Waluo, ikaundwa 1968. Serikali ilipoamuru majina ya kikabila yaondolewe katika michezo, Abaluhya ikawa AFC Leopards mwaka wa 1980. Majina yalibadilika, masikio hayakubadilika. Mimi timu yangu sitaitaja hapa. Wanaonijua wanaifahamu, na wasionijua watalitazama jina langu la ukoo wakadhani wamepata jibu, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Katika nchi iliyoshuhudia ya 2007 na 2008, ikalazimika kutunga sheria ya utangamano mwaka huo wa 2008, si mzaha kumwacha shabiki ahame kutoka mabao hadi damu.

Wapo watakaosema ninataka kuugeuza ushabiki kuwa mahakama. Sivyo. Pambano hili huitwa la mashemeji, kwa sababu Waluo na Waluhya wameoana kwa vizazi vingi, na shemeji katika mila zetu ni mtu wa kutaniwa. Lakini utani una kanuni. Mtani husema analojua mwenziwe atalijibu, naye hukubali kujibiwa bila kununa. Mtani humcheka mwenziwe mbele yake, tena kwa jambo ambalo wote wanajua limetiwa chumvi, na akifiwa, huyo huyo mtani ndiye wa kwanza kufika matangani. Matusi hayana hata moja katika haya. Kumwita shemeji mlafi wa ugali ni utani. Kumwambia arudi kwao sio.

Darasani huwataka wanafunzi wangu wafanye jambo moja ambalo huwachukiza mwanzoni: kabla ya kumpinga mwenzako, irudie hoja yake mpaka yeye mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema. Nusu ya mabishano hufia hapo hapo, maana hugundua walikuwa wakijibu jambo ambalo hakuna aliyelisema. (Watangazaji wa vipindi vya michezo redioni, ambao huwapa nafasi wapigaji simu wenye sauti kubwa kuliko wenye hoja, wangeweza kulijaribu hili bila gharama yoyote.)

Tukifanya hivyo kwa Gor na Leopards, yale ya rekodi yataisha kwa dakika tano. Litakalobaki ni swali gumu: kombe moja la bara lina uzito wa makombe mangapi ya kanda? Hilo halina jibu la tarakimu, na mashabiki wa pande zote mbili wana mengi ya kulisema.