Mbegu Nzuri ni Ipi?

Mwezi uliopita nilipanda bara hadi Kitengela kwa mwanangu, kumfanyia akika mjukuu wangu wa kike. Tambarare iliyokuwa malisho ya Wamaasai na mapito ya nyumbu sasa imejaa ploti na mageti. Kondoo tukamfuata mnadani Kajiado, kwa barabara ya Namanga.

Huko niliwakuta kondoo wa namna mbili. Mmoja ni Dorper, mweupe wa kichwa cheusi, mnene kama gunia la mbata. Wa pili ni yule mwekundu wa Kimaasai, mwenye mkia wa mafuta na umbo la kawaida tu. Mkono wangu ukaenda kwa mweupe. Mfugaji mmoja, mtu mzima, akacheka: "Mzee, ukitaka wa kuchinja leo, chukua huyo. Ukitaka wa kukaa naye, chukua mwekundu." Nilimchukua mweupe, maana mimi nilikuwa na kisu, sikuwa na zizi. Lakini maneno yake yalinifuata.

Dorper alizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930, kwa kumpandisha dume wa Dorset Horn wa Uingereza kwa kondoo wa kichwa cheusi ambaye asili yake ni Usomali. Katikati ya miaka ya 1970 madume wake walienezwa kwa wafugaji wa Kenya kwa bei nafuu. Watu wakawapenda, na nani asingewapenda? Ila hapana aliyewafundisha namna ya kuchanganya mbegu kwa kiasi. Dume wa Dorper akapandishwa kwa chotara, kizazi baada ya kizazi, hata mwekundu halisi, aliyekuwa akihesabiwa kwa mamilioni, akawa wa kutafutwa. Kumbe alikuwa na jambo lisiloonekana mnadani: huwastahimili minyoo wanaonyonya damu tumboni, na ukame humkuta angali amesimama. Leo taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, inatunza kundi lake huko Kapiti, Machakos.

Nyumbani kwa mwanangu nilikuta paka wa Kiajemi, pua imebonyea usoni. Kutwa anatokwa machozi, akilala anakoroma kama baharia. Wazalishaji walimchagulia uso mfupi kwa kuwa unapendeza, na mfereji wa machozi ukapindika. Nani aliyefaidika? Mnunuzi. Nani anayelipa? Paka. Nikawakumbuka paka wa Lamu, wembamba, ambao hakuna aliyewachagulia uso.

Basi wapo waliotaka kufanya hayo kwa binadamu, na hapa hapa petu. Mwaka 1933 walowezi na madaktari waliunda Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Kinara wao alikuwa Dr H. L. Gordon, tabibu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, mwenzake F. W. Vint alipima bongo za maiti za Waafrika. Wakadai ubongo wa Mwafrika una upungufu wa asili, wakaomba fedha Uingereza za kuendeleza utafiti wao, wakanyimwa. Walizoea kutazama mifugo, wakatutazama sisi kwa jicho lile lile.

Tuwalaani, ni haki. Lakini sisi wenyewe je? Katika posa zetu tunauliza kufuu, na kwa wengi wetu kufuu imeishia kwenye ukoo, rangi na nywele. Dini, iliyopaswa kutangulia, huulizwa mwisho, tena kwa adabu tu. La damu haliulizwi kabisa. Dada yangu, Mungu amrehemu, alizika watoto wawili kwa ugonjwa wa selimundu. Aliozwa kwa binamu yetu, nasaba safi kama maziwa. Mume na mke wote walibeba chembe ya ugonjwa bila kujua, na wawili wa namna hiyo kila mimba yao ina fungu moja katika manne la kuzaa mgonjwa. Wala chembe hiyo si laana ya kung'olewa: anayeirithi upande mmoja tu hukingika zaidi na malaria kali, ndiyo sababu imekaa pwani yetu karne nyingi. Bahrain na Saudia tangu 2004 zinawataka wachumba wapimwe kabla ya nikahi. Hawakatazwi kuoana, wanajulishwa, basi. Sioni Gordon yoyote katika hilo. Hakuna anayeambiwa hafai.

Niliporudi Mombasa nilikuta kikao cha posa ya mpwa wangu. Saa nzima ukoo wa kijana ulichambuliwa, babu wa babu, nani alitoka Hadhramaut na nani Siyu. Nikauliza kama wachumba wamepimwa damu. Kikaingia kimya. Shemeji yangu akasema nisilete uchuro siku ya heri, na kahawa ikazungushwa.

Nilipokuwa nikivaa viatu mlangoni, binti mwenyewe alinifuata, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mjomba, kipimo hicho hupimwa wapi?"