Takrima Imeingia Kanisani



Kila uchaguzi unapokaribia, ibada zetu hupata sura mpya. Huketishwa viti vya mbele, na kabla ya baraka ya mwisho hupewa nafasi ya kusalimu. Salamu huishia kwenye ahadi ya mabati, saruji au vipaza sauti vya kwaya, nasi hujibu kwa vigelegele. Tume inasema waziwazi: hiyo ni takrima, na kutolewa mbele ya altare hakuitakasi.

Neno hili lina historia. Mwaka 2000 Bunge liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi ili mgombea aweze kuwakirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa jadi. Chaguzi za 2000 na 2005 ziliendeshwa chini ya vifungu hivyo. Mashirika matatu, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalifungua shauri, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na fedha na kuharibu uhuru wa uchaguzi. Majaji waliliona lile ambalo sisi, wenye Injili mikononi, tulilipigia makofi.

Na huo ukarimu wa jadi ni wa nani? Katika nchi hii ya migomba, mgeni akiingia nyumbani hupewa kiti, akaandaliwa ndizi na maziwa. Mwenyeji ndiye atoaye, wala hamdai mgeni kitu. Ni mzee gani wa Rungwe aliyetufundisha kwamba mgeni aje na bahasha, kisha akabidhiwe nyumba?

Twajibiwa kwamba paa linavuja, na mvua za Tukuyu hazimsubiri mtu. Ni kweli, wala hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mwenye kuidharau hajapata kusali chini ya paa hilo. Lakini tupige hesabu kamili. Torati ilimkataza mwamuzi kupokea zawadi, na mpiga kura siku ile ni mwamuzi. Nabii Samweli, alipong'atuka, alisimama mbele ya watu akawataka waseme kama aliwahi kutwaa ng'ombe wa mtu au kupokea rushwa. Aliweza kumkemea mfalme kwa sababu hakuwa na deni kwake.

Sauti hiyo ndiyo tunayoiuza. Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki katika ujumbe wa Kwaresima, na ndugu zetu wa KKKT katika waraka wa Pasaka, walieleza hofu yao juu ya kubanwa kwa uhuru wa raia, na kelele zikawa nyingi. Baada ya watu kuuawa katika uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, maaskofu walilaani mauaji hayo. Askofu akinena hivyo, huku kigango chake kimeezekwa na mgombea, nani atamsadiki?

Wapo wasemao siasa si kazi ya Kanisa. Sheria ya Kanisa ya 1983 inawazuia makleri kushika nafasi hai katika vyama. Haijawaruhusu walei kulala. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba raia wana haki na pia wajibu wa kupiga kura kwa uhuru. Tena kura si ya siku moja. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mtu mzima, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia. Hapo ndipo shamba la chai au la migomba la mjane huokolewa au hupotea. Nasi siku hiyo tuko wapi? Kwenye harambee ya mgombea tunajaa hadi nje!

Kwa hiyo tunaziomba halmashauri za walei zikubaliane mapema, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029, kwamba mgombea hapewi kipaza sauti kanisani, na mchango wake hautangazwi. Akiwa muumini wetu, atoe zaka yake kwa bahasha kama bibi anayetoa fedha ya mkungu mmoja. Na kila jumuiya ndogondogo ichague wawili watakaohudhuria mkutano wa kijiji, waombe kusomewa mapato na matumizi, kisha walete taarifa Jumapili inayofuata, baada ya Misa, watu wote wakisikia.