Kura ya Nakonde, Kura ya Tunduma

Ukitoka Tunduma kuingia Nakonde unabadilisha shilingi kuwa kwacha, lakini salamu hubadilishi. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Siasa ndizo zilizoachana. Oktoba 1991 Wazambia walimng'oa Kenneth Kaunda na UNIP yake, wakamweka Frederick Chiluba wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2011 na 2021 wakaiondoa tena serikali iliyokuwa madarakani kwa kura. Huku kwetu Nyerere alishasema mapema 1990, Ulaya Mashariki ikiporomoka, kwamba kujadili vyama vingi si uhaini. Tume ya Nyalali ilikuta karibu watu 8 kati ya 10 wanataka chama kimoja kiendelee, bado ikapendekeza mfumo wa vyama vingi, na sheria ikabadilishwa 1992. Tunduma iliwahi kuipa CHADEMA, chama cha upinzani, ubunge 2015. Ikulu haijawahi kutoka mikononi mwa CCM.

Wapo wanaoamini kwamba nchi zikitofautiana hivyo, ujirani nao hulegea. Mpaka huu hauwaungi mkono. Kilichoutikisa ni kwisha kwa sababu iliyowaunganisha Nyerere na Kaunda. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa 1976, ili shaba isipite kwa walowezi wa Rhodesia na makaburu wa Afrika Kusini. Ubaguzi ulipokwisha 1994, njia ya kusini haikuwa na aibu tena. Reli iliyowahi kubeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka ilishuka chini ya laki moja kufikia 2015. Uendeshaji mbovu nao ulichangia, tusiusingizie mwisho wa ubaguzi peke yake. Mzigo uliobaki ulipanda malori, na foleni ya malori ndiyo iliyoikuza Tunduma. Kwa maoni yangu soko huria limeubadilisha mji huu kuliko sanduku la kura.

Ndiyo maana marais Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia walifungua pamoja kituo cha huduma kwa pamoja mpakani Oktoba 2019 bila mmoja kumuuliza mwenzake anatawalaje. Adabu hiyo ina gharama. Tarehe 3 Novemba 2025 waangalizi wa SADC wa uchaguzi mkuu walisema kwamba katika maeneo mengi wapiga kura wa Tanzania hawakuweza kueleza matakwa yao. Siku hiyohiyo Hakainde Hichilema wa Zambia, aliyeingia madarakani kwa kumshinda rais aliyekuwa kitini, alikuwa Dodoma kwenye uapisho wa Rais Samia.

Simlaumu sana: mafuta ya Zambia hupita Dar es Salaam. Ila ningependa bunge la kila upande lihoji zaidi mkataba wa TAZARA uliotiwa saini Septemba 2025, unaoipa kampuni ya China, CCECC, uendeshaji kwa miaka 30 kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Muda huo ni sawa na chaguzi kuu sita, Nakonde na Tunduma.