Muulize Binti Anabadilisha Mara Ngapi

Si muda mrefu uliopita mama mmoja alimleta kwangu hapa Kitete binti yake wa kidato cha pili. Walitoka upande wa Kaliua. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike, lakini ugonjwa ni huo huo.

Tatizo alilolitaja mama lilikuwa uvivu. Mtoto hataki kuchota maji, analala darasani, akitembea kidogo anatweta, na siku hizi amekutwa anakula udongo wa kichuguu. Alishapimwa malaria mara tatu. Mara mbili majibu yalionyesha hana, akapewa dawa hivyo hivyo. Shangazi naye alishaanza kusema mtoto amechezewa.

Nilifunua kope la chini la jicho, ndani kulikuwa kweupe. Kipimo cha wingi wa damu kikasoma 5, wakati binti wa umri wake anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nikamuuliza siku zake zinachukua muda gani. Akamtazama mama yake. Mama akajibu kwa niaba yake: "Za kawaida tu, dokta."

Nilimwomba mama atusubiri nje kidogo. Hapo ndipo mtoto aliposema. Siku kumi, mara nyingine kumi na mbili. Anavaa vitambaa viwili kwa pamoja. Usiku anaamka mara mbili au tatu kubadilisha. Darasani amechagua dawati la nyuma kabisa ili akisimama asiwe na mtu nyuma yake. Hali hiyo ilikuwa na miaka miwili, tangu avunje ungo, na yeye aliamini kila mwanamke yuko hivyo. Nani alimwambia vingine?

Simlaumu mama yule. Nilipokuwa daktari mpya, katika kituo ambacho sitakitaja, nilimpokea binti wa miaka 14 mwenye damu kidogo kama huyu. Nilimwongezea damu, nikampa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo, nikamruhusu nikiwa nimeridhika kabisa na kazi yangu. Hedhi sikuuliza. Baada ya miezi mitatu alirudi akiwa hoi kuliko mara ya kwanza, na aliyemuuliza swali lenyewe alikuwa muuguzi wa zamu, si mimi mwenye digrii. Tangu siku hiyo nauliza, hata kama binti ameletwa kwa kikohozi.

Sasa niseme ninachotaka kusema. Kwa miaka kadhaa tumezungumza mno kuhusu taulo za kike. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye bidhaa hiyo, na mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Kila tarehe 28 Mei, siku ya hedhi salama duniani, wageni huja shuleni na maboksi ya pedi, picha zinapigwa. Nami nimealikwa mara kadhaa na nimekwenda kwa furaha, maana najua mtoto anayetumia kipande cha godoro anavyoteseka. Lakini katika shughuli hizo nilizohudhuria sijamsikia mtu akiwaambia wasichana damu kiasi gani ni nyingi mno. Tunamfundisha mtoto kuificha vizuri, basi. Akishajua kuificha, hata mama yake haioni tena.

Kwa msichana anayeanza, hedhi ya siku mbili hadi saba ni ya kawaida. Kutoka mwanzo wa hedhi moja hadi mwanzo wa nyingine zinaweza kupita siku 21 hadi 45, kwa hiyo mzunguko kuyumba miaka ya mwanzo usikutishe. Kinachotakiwa kukushtua ni hiki: anazidisha siku saba, pedi au kitambaa kinalowa chote ndani ya saa moja au mbili, analazimika kuvaa viwili, anaamka usiku kubadilisha, anatoa madonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi mia mbili. Akiwa na hata moja kati ya hayo, mpeleke apimwe. Akilowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au akizimia, au moyo ukimwenda mbio akiwa amekaa tu, mpeleke siku hiyo hiyo, usisubiri gulio lipite.

Mara nyingi sababu si ya kutisha. Miaka ya mwanzo yai halikomai kila mwezi, hivyo ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unajengeka kupita kiasi na ukibomoka damu inatoka nyingi kwa siku nyingi. Wapo wachache ambao damu yao haigandi sawasawa tangu kuzaliwa. Hawa mara nyingi hutokwa sana na damu puani, au waling'olewa jino damu ikagoma kukata, na ukichunguza utakuta mama au bibi naye alipata shida hiyo. Tutapima pia tezi ya shingo, na tutapima mimba. Mzazi asikasirike kwa hilo. Tunampima kila binti mwenye shida hii, hatumtuhumu wako.

Tukumbuke pia kwamba mtoto huyu hayuko katika nchi yenye damu ya kuchezea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kuna malaria, kuna minyoo, kuna chakula kisicho na madini ya chuma. Hedhi nzito inakuja juu ya hayo yote.

Matibabu yapo. Vidonge vya madini ya chuma kwa miezi, si kwa wiki; vitageuza choo kuwa cheusi na hilo halina neno. Dawa ya kupunguza kutoka kwa damu siku za hedhi. Na kwa baadhi, vidonge vya homoni, vilevile tunavyoviita vidonge vya majira.

Hapo ndipo nyumba huwaka moto. Baba mmoja aliinuka kwenye kiti akaniambia kwa adabu kabisa: "Dokta, shikilia dawa zako, mimi sijaleta mke wa mtu hapa." Namwelewa. Jina la dawa limeshikamana na uzazi wa mpango kiasi kwamba mzazi anasikia kama nimempa binti ruhusa. Lakini mwili haujui jina la dawa. Homoni hizo zinautuliza ule ukuta usijengeke ovyo, zinatumika kwa muda, na zikiachwa uwezo wa kuzaa uko pale pale. Hazimfanyi mtoto mgumba wala mhuni. Baba yule tuliongea karibu saa nzima, foleni ikinuna nje. Alirudi baada ya wiki moja, akavichukua.

Usafi nao usiachwe. Abadilishe kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijalowa. Nje aoshe kwa maji safi tu. Ndani asiingize sabuni, ndimu wala mitishamba. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Najua vinakoanikwa hasa: chini ya godoro, au nyuma ya kabati, kwa sababu ya kaka na wageni. Tandaza kanga nyepesi juu yake kwenye kamba, jua litapita. Tumbo likiuma kiasi cha kukosa shule, usimwambie ni chango la uzazi litaisha akizaa. Dawa kama ibuprofeni, akiinywa baada ya chakula mara maumivu yanapoanza, husaidia wengi. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo aulize kwanza. Isiposaidia, mlete.

Na chai, ndugu zangu. Chai ya kushushia ugali na maharage inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ampe tumbo saa moja au mbili kwanza. Badala yake ale embe. Tabora hatuna kisingizio cha kukosa embe msimu wake, na lina vitamini C inayosaidia chuma cha kwenye maharage na mboga za majani kufyonzwa.

Ukija kliniki, njoo na kalenda, hata ya mwaka jana. Binti aweke alama siku ya kwanza na ya mwisho, na pembeni aandike amebadilisha mara ngapi. Kama ni vigumu kumuuliza wewe, mama mdogo au dada yake amuulize. Baba anayelea peke yake anaweza pia. Nimewaona wanaofanya hivyo, na mabinti zao hawajafa kwa aibu. Yule wa Kaliua alirudi akiwa na daftari la hesabu, kurasa za katikati zote zimejaa tarehe. Damu ilikuwa imefika 9, na udongo ameuacha.